Moyo wa Mama Ngassa

Mama Ngassa alikuwa na wivu, na wala hakujua kuuficha. Mumewe, Mihayo, alifanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu pale Rwamgasa. Mwaka jana alioa mke wa pili, Kudra, binti wa Tabora. Wakapanga zamu: siku mbili kwa mkubwa, siku mbili kwa mdogo. Nyumba zenyewe zilitazamana. Mihayo akicheka kule, huku roho ya Mama Ngassa inauma.

Tena kulikuwa na jambo jingine. Mara kwa mara moyo wake ulianza kwenda mbio ghafla. Shingo ilipwita, macho yaliona kiza, miguu iliishiwa nguvu. Baada ya dakika kumi au ishirini moyo ulitulia, ghafla vilevile.

"Ni wivu huu," alijiambia. "Nikisema, watanicheka kisimani. Na Mihayo atahamia kwa yule moja kwa moja."

Basi akanyamaza, mwezi baada ya mwezi.

Asubuhi moja zamu ya Kudra ilikuwa imekwisha. Hata hivyo Mihayo alikunywa chai huko huko, akaenda kazini. Mbaya zaidi, chai ilichemshwa katika sufuria ya Mama Ngassa! Akavuka uwanja kwa hasira.

"Shikamoo, dada," alisema Kudra.

"Marahaba. Sufuria yangu inafanya nini hapa?"

"Baba Ngassa ndiye aliyeileta."

"Alaa! Mume umechukua, sasa na sufuria?"

Akainama kuiokota. Pale pale moyo ukaanza mbio. Akaketi chini, kijasho chembamba kikimtoka.

"Dada, mshipa wa shingo unaruka!" Kudra alishtuka.

"Niache. Ni hasira tu."

"Hasira gani hii? Mbona umelowa jasho?"

Kudra hakungoja jibu. Alikimbia kumwita jirani yao Euphrasia, mhudumu wa afya wa kijiji.

Euphrasia aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Akatazama saa ya simu, akahesabu kwa dakika nzima.

"Mapigo yamepita mia na sabini," alisema. "Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya sitini na mia. Yalianza lini?"

"Tangu huyu aje." Mama Ngassa alimkata Kudra jicho.

"Huja siku za zamu yake tu?"

"Ndiyo." Akasita. "Hapana. Yaliwahi kunijia kanisani, Mihayo akiwa ubavuni pangu. Na siku ile nilipoinama kupanda mpunga."

Siku hizo hakuwahi kuzihesabu. Alihesabu za Kudra tu.

"Mama Ngassa, wivu unao, sote tunajua," alisema Euphrasia. "Lakini mapigo ya hasira hupanda na kushuka taratibu. Yako yanawaka na kuzimika kama taa. Huo ni ugonjwa. Twende kituo cha afya sasa hivi, kipimo kiyakute. Yakishatulia, kipimo kinaweza kuonyesha moyo uko sawa."

Walipanda bajaji. Kudra alimshika kiunoni njia nzima. Mama Ngassa hakupenda, lakini nguvu za kumsukuma hakuwa nazo.

Kituoni, Daktari Gregory alimbandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Mashine ikatoa karatasi yenye mistari.

"Moyo hupiga kwa umeme wake wenyewe," alieleza. "Katika moyo wako umeme unazunguka mahali pamoja, ndiyo maana unakimbia. Hujarogwa, na si kosa la mtu."

Akampa bomba la sindano lisilo na sindano. "Puliza hapa kwa nguvu, sekunde kumi na tano, usiache."

Alipomaliza, daktari alimlaza chali haraka. "Dada, mnyanyue miguu!" alimwambia Kudra.

Kudra akaibeba miguu ile, akaiweka mabegani. Muda si muda, moyo ukatulia.

Mama Ngassa aliitazama miguu yake. Ilikuwa na tope la uwanjani, juu ya khanga safi ya mke mwenziwe. Aliona aibu.

"Nimekuchafua," alisema.

"Khanga inafuliwa, dada."

Daktari alipima damu, akampa vidonge vya kila siku na barua ya kumwona daktari wa moyo hospitalini. "Usiache vidonge kwa sababu umepata nafuu," alionya. "Moyo ukianza mbio tena, fanya tulivyofanya hapa. Usipotulia, au kifua kikiuma, au ukakosa pumzi, au ukazimia, njoo haraka. Na kama unakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu, acha."

Miezi minne ilipita. Moyo ulikimbia mara mbili tu, na mara zote mbili Kudra alikuja kunyanyua miguu.

Jana Mihayo aliingia kwa Kudra, zamu yake. Kicheko kikavuka uwanja. Mama Ngassa alihisi kifua kimembana. Akaogopa. Akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono, akatazama saa, akahesabu.

Sabini na nane.

"Kumbe leo ni wivu mtupu," alisema, akacheka peke yake. Kisha akapaza sauti:

"Kudra! Mkishamaliza kucheka, nirudishieni sufuria yangu!"