Mteja Hewa wa Ikupa

Jamani, hii utasema nimeitunga, lakini soma mpaka mwisho. Kuna mwanaume hapa Tukuyu kamfilisi mpenzi wake kwa kumpenda!

Walikutana stendi, mvua inanyesha, watu wanagombea gari la Mbeya. Ikupa, sweta jekundu, kitenge cha njano na mabuti, katua ndoo yake ya mtindi chini. Mwalimu Reuben, mgeni kutoka Singida, akarudi nyuma bila kuangalia, akaikalia. Mfuniko ukazama, suruali nyeusi ikawa nyeupe nyuma.

"Kaka, hicho siyo kiti!"

"Samahani dada. Nalipa yote. Na namba yako nipe, nijue kama hasara imepona."

Ikupa alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Mapenzi yakaanza hapo.

Ulipofika mwezi wa sita, baridi ikakaza. Watu wanataka chai, nani anywe mtindi? Siku moja Ikupa akampigia Reuben analia.

"Mpenzi, nafunga kibanda cha mtindi hapa stendi. Narudi Kisondela kwa mama, nikalime."

"Usiseme hivyo, malkia wangu. Wateja watakuja."

Kesho yake kweli, akaja Ackson wa bodaboda na madumu mawili. "Dada, kuna hoteli Kiwira inataka lita nane. Kila siku!"

Lita nane, taslimu! Jumlisha kumi za kibandani, kumi na nane. Ikupa akapiga hesabu kwenye simu, akaona akinunua friji itajilipa yenyewe. Akakopa kikundini, akainunua, rejesho elfu arobaini kila Jumatatu.

"Friji?" Reuben alishtuka. "Si ungesubiri kidogo?"

"Nisubiri nini? Hutaki nitoke kimaisha?"

Reuben akageuzia mazungumzo kwenye mvua. Angesema siku ile!

Wiki ya tatu, Alhamisi, Ackson hakutokea. Ijumaa kimya. Mtindi umejaa friji, wafugaji wanadai hela ya maziwa, Jumatatu inakuja. Jumamosi Ikupa akamdaka Ackson kijiweni.

"Nipeleke hotelini. Sasa hivi."

"Dada, hoteli... yaani..." Akajikuna kichwa. "Panda tu."

Badala ya kushika njia ya Kiwira, pikipiki ikakata kwenda Ibighi, ikasimama kwenye geti ambalo Ikupa alilijua vizuri. Ni kwa Mama Pudensiana, alikopanga Reuben. Uani, nguruwe watatu wanene kama magunia, na madumu yaleyale yamepangwa ukutani.

"Ndaga fijo, mwanangu!" Mama Pudensiana akashukuru kwa furaha. "Mtindi wako umewakuza kweli!"

Reuben akatoka mlangoni na kandambili, mnyonge.

"Ndiyo hoteli hii?" Ikupa akauliza.

"Ulisema unafunga, nikawa namtuma Ackson aninunulie. Mimi mtindi unanikataa tumboni, nikaona nisimwage. Mshahara umekata, mpenzi, ndiyo maana..."

"Kwa nini hukuniambia? Ningejua nauza lita kumi, ningenunua maziwa ya lita kumi! Nimekopa kwa ajili ya nguruwe, Reuben!"

Reuben akapiga magoti kwenye matope, akatoa kiboksi. Pete ya dhahabu. "Niliinunua mwezi uliopita. Nioe... yaani, nikuoe."

Ackson akacheka, akajizuia. Ikupa alitaka kulia, alitaka kumpiga na dumu, na alitaka kuivaa. Vyote kwa pamoja.

"Risiti unayo?"

"Ninayo."

"Leo tunaenda Mbeya tukairudishe dukani, nilipe rejesho. Kesho ukitoka kanisani unasimama na mimi stendi unauza. Usinunue hata kikombe. Siku friji itakapojilipa kwa wateja wenye midomo ya watu, uje uniulize tena."

"Utakubali?"

"Uliza siku hiyo."

Akampa Reuben pete aibebe, kiboksi akakitia kwenye mkoba wake yeye, kisubiri siku hiyo.

Haya, na wewe niambie ukweli. Ungekuwa Ikupa, pete ungeirudisha, au ungeivaa palepale mbele ya nguruwe?