Mwendo wa Bi Harusi

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Baba Pacha alisimama mlangoni mwa banda, mswaki mdomoni, akawakagua ng'ombe wake. Ng'ombe walikuwa wameinamia hori, wanakula. Aliwatazama mara moja tu, akatema povu, akatoa hukumu.

"Wote wazima."

"Wazima," aliitikia Mama Pacha, mkewe, huku anakamua. Hata kichwa hakuinua. Mumewe alikuwa mtu wa kujisifia jicho, na kubishana naye kabla ya chai ni kujiharibia siku.

Miongoni mwa ng'ombe hao alikuwamo Bi Harusi. Jina alipewa kwa sababu ya mwendo wake. Alitembea polepole, kichwa kikishuka na kupanda, kama mtu anayejua kwamba ukumbi mzima unamtazama. Nyumba nzima ilimcheka kwa maringo. Mama Pacha alimpenda kupita wote, maana ndiye aliyemlea kwa chupa tangu akiwa ndama, mama wa ndama huyo alipokufa.

Lakini siku hizi Bi Harusi alikonda, na maziwa yakapungua. Baba Pacha akasema ng'ombe anayekula bila kutoa kitu si ng'ombe, ni mgeni. Akaongea na muuza nyama. Wakakubaliana aje Jumamosi kumchukua.

Mama Pacha moyo ulimuuma. Hakugombana na mtu. Alichukua simu, akamwita bibi mifugo, mtaalamu aliyezoea kuzunguka mabanda ya eneo lile. Ijumaa asubuhi bibi mifugo akafika na buti zake ndefu na kicheko chake kikubwa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna ng'ombe anayechechemea.

"Hakuna," alisema Baba Pacha.

"Hakuna," alisema Mama Pacha.

Bibi mifugo akawatazama kwa zamu. "Mnakubaliana vizuri mno nyie. Mmeona, au mmesikilizana?"

Mama Pacha akajikuta anatazama vidole vya miguu yake.

Bibi mifugo hakuwaumbua. Aliwaeleza kwamba ng'ombe akiwa kwenye hori unaona mdomo wake, miguu huioni. Kwenye tope nako kila ng'ombe anayumba. Akaomba wapitishwe mmoja mmoja kwenye njia ya saruji, pakavu, pasipo mteremko. Wao wasimame ubavuni, waangalie mgongo kwanza, kisha miguu.

Halafu akawafundisha alama. Ngumi ni sifuri: mgongo umenyooka, hatua ziko sawa. Kidole kimoja: hatua haziko sawa, lakini huwezi kusema mguu upi. Viwili: mguu unaouma unaonekana. Vitatu: ng'ombe anashindwa kwenda na wenzake.

"Msiseme kitu," akawaonya. "Akishapita, fumbeni macho, nyoosheni mikono. Nikisema fumbueni, tunaona pamoja."

Ng'ombe wa kwanza alipata ngumi tatu, moja kutoka kwa kila mtu. Wa pili vilevile. Kwa wa tatu, Baba Pacha alifumbua jicho moja akachungulia mkono wa mkewe.

"Baba Pacha," alisema bibi mifugo, "huu si mtihani wa kuibia jirani. Geukia ukuta."

Akageukia ukuta, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kisha akapita Bi Harusi. Walipofumbua macho, bibi mifugo alikuwa na vidole viwili. Mama Pacha viwili. Baba Pacha ngumi.

"Huyo ndivyo alivyo," Baba Pacha alijitetea. "Ni maringo yake."

"Alama umeipa miguu yake, au jina lake?"

Mama Pacha alikuwa bado anavishangaa vidole vyake. Kumbe siku zote macho yalikuwa yanaona, mdomo ndio uliokuwa unaitikia mambo mengine.

Baba Pacha akasema basi, wawili kwa mmoja, ameshindwa.

"Hapana, hatupigi kura hapa," alisema bibi mifugo. "Tukitofautiana, anarudishwa, tunaangalia tena. Hata mimi kuna ng'ombe niliyempa kidole asubuhi, jioni nikampa ngumi. Jicho linachoka, na linazoea. Usiliamini peke yake."

Bi Harusi akarudishwa. Safari hii Baba Pacha alichuchumaa. Aliona mgongo ukipinda kila mara Bi Harusi alipoanza kutembea. Aliona mguu wa nyuma wa kushoto ukigusa saruji na kuinuka haraka, kama uliokanyaga jivu la moto. Akanyoosha vidole viwili bila kuambiwa.

Wakamfunga ng'ombe, wakainua mguu. Bibi mifugo alipochonga kwato, kidonda kikatokea chini ya unyayo. Akakisafisha. Upande wa kwato usio na kidonda akaugandishia kibao, ili upande wenye kidonda upumzike. Akasema ng'ombe mwenye maumivu halali vizuri, hali vizuri, na maziwa hayatoki. Ugonjwa ukiwahiwa, unatibika. Ukicheleweshwa, ndipo muuza nyama anapopata kazi.

Jumamosi muuza nyama alifika na kamba yake. Baba Pacha alimkaribisha chai, akamwambia Bi Harusi anauguza mguu, hauzwi. Yule bwana akanywa vikombe viwili, akaenda na kamba yake.

Kibao kilipotoka, Bi Harusi alikuwa anawasukuma wenzake kuwahi horini. Ndoo ya Mama Pacha ikaanza kuwa nzito tena.

Tangu hapo, kila wiki baada ya kukamua, mume na mke husimama ubavuni mwa njia ya saruji, na kila ng'ombe akishapita hufumba macho, mikono mbele. Majirani huwacheka mpaka wachoke. Juzi alipita mtamba mweusi. Mama Pacha alitoa ngumi, Baba Pacha kidole kimoja. Mama Pacha alikuwa na hakika, tena hakika kabisa. Alifungua mdomo abishe. Kisha akamshika mtamba shingoni, akamgeuza.

"Haya, mwanangu," alisema, "pita tena."