Shoga Yangu Alicheza Wimbo wa Mamangu Hotelini

Mwaka wenyewe siujui kwa tarakimu, lakini watu wa rika langu hapa Msambweni nikiwaambia ni ule mwaka tuliokula unga wa manjano, wananielewa. Bendera yetu ilikuwa bado mpya. Mvua ilitunyima, tukaletewa mahindi ya msaada kutoka ng'ambo. Sima yake ilinuka gunia, hata kwa samaki wa nazi haikushuka! Tuliila hivyo hivyo... njaa ina kuchagua?

Leo mimi ni nyanya wa wajukuu wengi na ninajivunia kila mmoja. Shule niliishia darasa la pili, kwa hivyo msinitafutie maneno ya mapambo. Wakati huo nilikuwa nimeolewa juzi tu, na kwa ngoma ya sengenya, wallahi, kutoka Waa hadi kwetu hakuna mwanamke aliyenifikia!

Aliyecheza ubavuni mwangu ni shoga yangu Nimwaka. Tulikua pamoja. Alikula kwetu, akalala kwetu, mamangu akamwita mwanangu.

Basi akaja Diani bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu wa dansi. Tulimwita Bi Miguu kwa kuwa hakuvaa viatu. Alikuja na mkalimani wa bara, Bwana Festo, na wachezaji wa nchi mbalimbali. Wengine waligaagaa chini, wengine waliruka kama waliokanyaga makaa! Alisema kutakuwa na tamasha hotelini. Kila kundi lilete ngoma yake, tufundishane, tuzae kitu kipya, kisha kipelekwe Ulaya.

Siwafichi, nilipenda. Niliwafundisha kiuno, wakanifundisha kuruka. Lakini kuwaamini... hapana! Mtu anaacha kwao na siagi yake, avuke bahari kutafuta kiuno changu? Tena alikuwa na mashine ya kunasa sauti. Ikianza kuzunguka tu, mimi nafunga mdomo.

Nikamwambia Nimwaka afungue macho, hawa wametupa unga, sasa wanatafuta cha kuchukua. Akaangua kicheko.

"We nawe! Watakuibia nini, hicho kiuno?"

Sasa nisikilizeni. Mamangu alikuwa na pepo. Pepo huyo alipomsumbua, tulimpigia kayamba, zile njuga za matete zenye mbegu ndani, kwa wimbo wake mwenyewe. Wimbo ule ulikuwa dawa yake, kama wewe ulivyo na chupa yako ya hospitali. Ukishaanza, hauachwi njiani, sharti pepo atulizwe. Na maneno ya kumtuliza huimbwa sikioni; katika nyumba yetu aliyajua mama, na binti yake wa kumzaa. Basi.

Bi Miguu akasikia habari za kayamba, akaniuliza kama tunaweza kuuingiza wimbo ule katika tamasha. Nikamjibu: "Sitaki. Wimbo wa mamangu hauchezwi mbele ya watu wanaokula."

Akaweka mkono kifuani, akaifunika mashine yake. Hakubisha! Hapo ndipo nikazidi kumshuku. Nani hukubali kirahisi hivyo?

Nikawa mlinzi. Festo akimwamkia mama shikamoo, najiuliza anataka nini. Kayamba nikalificha uvunguni. Nimwaka naye alianza kwenda Diani peke yake, tena mapema. Nilimwona. Sikumuuliza kitu... Shoga yangu, nimuulize nini?

Siku ya tamasha wageni walikaa kwenye meza zao jioni, chai na keki mbele yao. Mama alikuja kunitazama, akakaa na wauza madafu karibu na mlango wa jikoni. Tulicheza sengenya, tukapigiwa makofi, nikaondoka kwenda kunywa maji.

Nikasikia kayamba. Nikasikia wimbo wa mama!

Nilirudi mbio, macho yangu yakimtafuta Festo. Yuko wima, kikombe mkononi. Nikamtafuta Bi Miguu. Ameketi. Ndipo nikatazama jukwaani... Nimwaka! Amejifunga kaniki kama ya mama. Anatikisa kichwa kama mama. Anaanguka kama mama aangukavyo! Nani alimfundisha? Hakuna. Tangu utoto alikaa kwenye mkeka wetu.

Na kule jikoni, mama akaanguka kweli.

Nimwaka alifika pale alipopajua, akaukata wimbo, akawainamia wageni. Makofi! Mtu akaita keki nyingine. Mimi nilikuwa chini, kichwa cha mama mapajani, katikati ya makaka ya madafu, nikimwimbia sikioni maneno ya kumtuliza. Lakini bila kayamba, letu likiwa uvunguni nyumbani, na kelele zile... hakutulia.

Tangu siku hiyo alikataa kupigiwa tena. Alisema neno moja tu: "Wameniona." Alitutoka kabla hatujavuna mahindi yetu wenyewe. Ni pepo? Ni aibu? Ni ule unga? Mungu ndiye ajuaye.

Baada ya matanga Bi Miguu alikuja, miguu mitupu, akaketi mkekani akalia. Festo akafasiri: Nimwaka aliwaambia wimbo ni wa mamake mzazi, na kwamba ruhusa anayo. Mgeni niliyejilinda naye usiku na mchana alikuwa amedanganywa kama mimi!

Nimwaka mwenyewe alisimama mlangoni. Alisema wenye tamasha la Ulaya wameupenda wimbo, ila wanataka na mwisho wake.

"Dada, nifundishe mwisho tu. Wewe una mume. Mimi nimechoka na unga wa manjano."

Iliniuma, kwa sababu njaa yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa amekonda, shingo kama mpini wa jembe.

Wasomaji wangu, msiwafukuze wageni wa ngoma. Chezeni nao, fundishaneni, hakuna ubaya. Lakini jueni ngoma ipi ni ya kutazamwa na ipi ni ya kumponya mtu. Na mkilinda mlango, mtazameni pia aliye ndani, anayekula sahani moja nanyi. Mimi nilichelewa. Msichelewe!

Nimwaka Ulaya hakwenda. Mwisho wa wimbo ninao mimi, na nitazikwa nao. Siku ile, nguo za msiba zikiwa bado mwilini, nilimtazama Nimwaka usoni nikamwambia:

"Sitaki. Wimbo wa mamangu hauchezwi mbele ya watu wanaokula."