Jiwe la Fundi Sudi

Kila asubuhi Mariam aliwasha makala kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, akakaanga vitumbua na kuviuza mbele ya nyumba. Watu wa mtaa wa Katuba walimjua kwa vitumbua hivyo. Walimjua pia kwa mume wake, Sudi, fundi wa saa. Saa iliyowashinda mafundi wengine, kwa Sudi ilitembea.

Sudi alifariki mwaka jana. Aliacha meza yake, bisibisi zake, na lupu, kile kioo anachoweka fundi kwenye jicho ili vitu vidogo vionekane vikubwa. Aliacha pia jiwe jeusi, kubwa kama ngumi.

Jiwe hilo alilipenda sana. Kazi ikiisha jioni, alililowesha kwa maji, akaweka lupu kwenye jicho, akatafuta vitu ndani yake, akaita, "Mariam, kuya uone! Muko bintu mu hii jiwe. Biko bidogo, bimejipanga sawa tasbihi."

Naye mkewe Mariam alijibu kutoka jikoni, "Nakuya, baba. Bukari itaungua."

Bukari, ugali wa huku kwetu, iliiva, ikaliwa, vyombo vikaoshwa. Mariam hakwenda. Jamani, nani ana nafasi ya kutazama jiwe?

Zakari, mdogo wake Sudi, hakuficha neno. "Kaka anapoteza akili," alisema mbele ya watu. Maneno hayo yakazunguka mtaa mzima. Baada ya mazishi yaliendelea kumchoma Mariam moyoni. Je, mume wake alikufa bila akili zake? Alitaka kujua hilo tu.

Siku moja Zakari alikuja, akalitazama jiwe.

"Shemeji, pengine hii iko shaba. Tuiweke ku moto. Moto ikigeuka kijani, iko mali."

Huku kwetu ndivyo tulivyo. Mtu akiokota jiwe, neno la kwanza ni shaba, na la pili ni makala ya kulichomea. Mariam alikubali. Aliwaza, likiwa shaba, basi Sudi aliona kitu kweli.

Wakaliweka kwenye mbabula. Moto haukugeuka kijani hata kidogo. Jiwe lilipasuka, pa! Kipande kikaruka mpaka ukutani.

"Mama yangu! Nimeharibu jiwe ya bwana yangu!" Mariam alilitoa kwa koleo, akalia bila kujificha.

Jirani yake, Séphora, alisikia kilio akaja mbio. Wazazi wa Séphora walitoka mbali, Kasai, na yeye anafundisha mambo ya mawe kwenye chuo kikuu. Aliokota kipande, akakipuliza majivu.

"Mama Mariam, juu ya nini mulichoma jiwe?"

"Tulitaka kujua iko nini."

"Moto haikuambii, mama. Kama muko bintu bidogo ndani, moto inabiharibu."

Mariam akafuta machozi. "Sudi alisema aliona bintu, bimejipanga sawa tasbihi. Mwanangu, niambie kweli. Akili yake ilikuwa imepotea?"

Séphora alikigeuzageuza kile kipande mkononi. "Bado sijui, mama, na sitakudanganya. Wakati mwingine ni mapovu tu, ama punje za madini. Zinadanganya macho, hata macho yetu sisi. Lakini kuko njia ya kujua. Jiwe ilitoka wapi?"

Mariam alikumbuka. Yeye na Sudi walikuwa wakirudi kutoka kijiji cha Lukafu na mahindi. Lori walilopanda lilikufa katikati ya mlima. Sudi akaazima nyundo ya dereva, akavunja jiwe kwenye mwamba wa kando ya barabara, akalitia chini ya gurudumu ili lori lisirudi nyuma, kisha akalileta nyumbani.

"Aliivunja yeye mwenyewe ku mwamba?"

"Yeye mwenyewe, na nyundo ya shofa. Niliona na macho yangu."

"Aksanti, mama! Jiwe ya kuokota tu, pengine lori iliileta toka mbali. Hii tunajua kwake, ni ku mwamba ule."

Séphora aliomba kukata sehemu ya katikati, ambako moto haukufika. Mariam alilishika jiwe kwa muda. Kisha akalifunga katika kile kitambaa ambacho Sudi alipangusia saa, akampa.

Kazi ilichukua wiki nyingi. Hatimaye Séphora alimwita Mariam kwenye maabara, na Zakari akaja pia. Kipande cha jiwe kilikuwa kimesuguliwa mpaka kikawa chembamba sana, mwanga unapita. Kilibandikwa juu ya kioo, chini ya hadubini kubwa.

"Zamani sana, kabla ya bantu, kabla ya samaki, hapa kwetu ilikuwa bahari," Séphora alisema. "Mu maji mulikuwa bintu bidogo, sawa ule utelezi wa kijani ndani ya ndoo yenye kukaa na maji. Bikakufa, matope ikabifunika, matope ikageuka jiwe."

"Unajua namna gani si mapovu?" Zakari aliuliza.

"Mapovu, moja kubwa, ingine ndogo, ovyo tu. Hizi ziko kipimo kimoja. Ziko na ngozi. Zingine zilikuwa zinajigawa mbili. Tulizilinganisha na za mawe ingine, na benzangu bakaangalia pia. Jina yao tungali tunatafuta. Lakini zilikuwa na uzima."

Zakari aliinama kwenye hadubini. Alipoinuka, alivua kofia.

"Shemeji, nilimutukana kaka yangu mbele ya bantu."

"Basi utasema kweli mbele ya bantu balebale," Mariam alijibu.

Zakari alisema kweli. Kesho yake asubuhi, mbele ya wanunuzi wote wa vitumbua, alisema kwa sauti kubwa, "Kaka Sudi alikuwa na akili yake yote." Tangu siku hiyo, jiwe la ajabu haliwekwi tena kwenye moto katika mtaa ule. Mwenye kulipata anakumbuka vizuri mahali lilipotoka, kisha anamwita Séphora.

Kipande kilichobaki kilirudi nyumbani ndani ya kitambaa chake. Jioni Mariam aliteleka bukari. Halafu akaacha mwiko, akaketi kwenye meza ya Sudi. Alilowesha jiwe kwa maji, akaweka lupu kwenye jicho. Alitafuta kwa muda. Mwishowe aliviona, vidogo, vimejipanga.

"Nimekuya, baba," alisema. "Minaona."

Bukari iliungua. Aliila hivyo hivyo.