Nati ya Kinyume

Lori lilichemsha mbele ya geti la soko la jumla, saa nne asubuhi, wakati ambao hata mguu wa mtu hauna pa kukanyaga. Mvuke ulipanda, wabeba mizigo wakapiga mbinja, na wenye magari ya nyuma wakalalia honi. Mlango wa dereva ukafunguka, akashuka mwanamke: jinzi iliyofifia magotini, shati jekundu, hereni ndogo za dhahabu, na uso umekunjwa kweli kweli.

"Mnatazama nini? Hamjawahi kuona gari likichemsha?"

Kati ya waliokuwa wakitazama alikuwemo fundi mmoja, mrefu, na ovaroli lake la bluu. Alikuja kununua sabuni tu. Wenzake gereji walimwita Bingwa, na jina hilo lilishamlevya.

"Pole, dada. Niruhusu niangalie."

"Wewe fundi au mpita njia?"

"Nikiangalia utajua."

Akaangalia. Feni ilikuwa inazunguka kivivu, haivuti upepo. Klachi yake imekufa. Klachi hiyo ndiyo inayoishika feni injini ikipata joto, na imefungwa kwa nati moja kubwa. Bingwa akatoa kava, akatia spana, akavuta. Haikusogea. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akaazima nyundo.

"Fundi," dereva akasema, mikono kiunoni, "unaikaza."

"Naifungua."

"Unaikaza, kaka yangu. Hiyo ni nati ya kinyume. Baba alinifundisha kabla hajaniachia hili lori. Upande unaofungia nati nyingine ndio unaofungulia hii."

Wabeba mizigo wakaangua kicheko. Bingwa akageuza spana upande wa pili, akagonga mara moja. Tak! Ikaachia.

"Haya, nani fundi hapa?" dereva akauliza, na hapo ndipo alipotabasamu. Jamani, lile tabasamu! Bingwa alisahau hata sabuni iliyomleta sokoni. Alipofunga klachi mpya aliyoagiza kutoka gereji aliikaza kwa nguvu zake zote, na nyundo juu yake, ili tu mrembo aone misuli.

Basi wakapendana. Simu asubuhi, simu mchana.

"Dereva wangu, umefika wapi?"

"Mlimani, gia ya pili. Na wewe, fundi wangu wa kukaza?"

"Nakuwaza mpaka nati zinanidondoka mkononi."

"Mwongo mkubwa wewe. Haya, endelea."

Siku moja waligombana kidogo, dereva akamwambia, "Niondokee." Bingwa akachukua kofia yake akaondoka kweli. Kesho yake simu ikalia, mwanamke analia na kucheka kwa pamoja.

"Wewe mwanaume vipi? Mimi nikiumia nasema kinyume. Nikikwambia ondoka, kaa. Nikikwambia usije, kimbia uje. Mimi mwenyewe nati ya kinyume, hujanijua tu?"

"Nimesikia, roho yangu. Sitasahau."

Thubutu! Mwanaume akiambiwa jambo la maana, huliweka kwenye mfuko uliotoboka.

Ikafika Jumamosi ya Bingwa kwenda kujitambulisha kwa mama yake dereva. Dereva alivaa gauni la manjano. Mama alitandika kitambaa kipya mezani, na mjomba akaja na koti, joto lote lile. Miadi ilikuwa saa nane. Saa tisa u nusu Bingwa yuko chini ya basi, mteja anambembeleza, "Dakika tano tu, fundi." Simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Namalizia hapa, mpenzi, abiria wanasubiri..."

"Na mama yangu hasubiri? Basi usije. Kaa na basi lako."

"Lakini nisikilize..."

"Nimesema usije!"

Simu ikakatwa. Moyo ulimwambia Bingwa, kimbia. Kiburi kikamwambia, si amesema mwenyewe? Akarudi chini ya basi.

Kesho yake akangoja apigiwe. Dereva naye akangoja mtu atokee mlangoni. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu huyo wa Bingwa alizaliwa, akatambaa, akatembea, na babu yake hajapiga simu.

Mwaka wa pili, Jumanne asubuhi, lori lile likaingia gereji. Bingwa aliinuka kwa haraka mpaka akajigonga kichwa kwenye boneti. Alikuwa ni yeye, na shati lilelile jekundu, sasa limepauka mabegani.

"Habari za siku nyingi, fundi."

"Nzuri... dereva."

"Klachi ya feni imekufa tena, na haitoki. Mafundi watatu wameikaza badala ya kuifungua, nikiwaambia hawasikii. Nauza lori. Mnunuzi anakuja mchana."

"Unauza lori la baba?"

"Ndiyo."

Bingwa akajua kuwa hana siku nyingine ila hiyo. Akapuliza dawa ya kutu, akangoja, akajaribu. Wapi!

"Nani aliikaza hivi tangu mwanzo?" akanung'unika.

"Wewe."

Akaipasha nati moto kidogo, akageuza upande wa kinyume, akagonga. Mara ya tatu ikaachia. Akabaki ameishika ile klachi kifuani.

"Siku ile uliponiambia nisije..."

"Nilikaa mlangoni na gauni langu. Kila pikipiki ikipita nasema, ndiye. Mpaka mama akaja kunishika mkono."

"Nilijua ulimaanisha nije. Haki ya Mungu nilijua. Nilikasirika, nikajifanya sijui. Nisamehe, mpenzi wangu. Hakuna siku sijajuta."

"Nilishakusamehe. Na mimi nilikosea. Huwezi kumwambia mtu usije, halafu ukamlaumu kwa kutokuja." Akajifuta jicho kwa mkono wa shati. "Nimejifunza kusema ninachotaka. Kuna mtu nilimwambia njoo, akaja. Tunafunga ndoa mwezi ujao, halafu tunahamia mbali."

Bingwa akafunga klachi mpya taratibu, na safari hii aliikaza kwa kiasi, ili fundi atakayeifungua asipate tabu. Dereva akapanda. Bingwa akashika mlango wa lori.

"Nije siku hiyo? Hata nisimame nje tu?"

Dereva alimtazama, machozi yanamlenga.

"Usije."

Moyo wa Bingwa ukaruka. Usije! Uso ukamchanua, mdomo ukafunguka. Dereva akaliona hilo, akatikisa kichwa polepole.

"Hapana, fundi. Hii siyo ya kinyume."

Akavuta mlango, akawasha lori. Feni ilizunguka vizuri kabisa.