Daktari Ndiye Mimi

Kila Jumamosi Larisa alishinda kwenye ukumbi wa kanisa akimenya viazi vya kujazia pirohi, vile vifuko vya unga vya kuchemshwa, pamoja na akina bibi. Babu yake, Gido Petro, alibeba magunia, na ole wake mwanamke aliyethubutu kumsaidia. Jumamosi hiyo aliinua gunia moja, akaguna, akaanguka ameshika kinena. Ngiri aliyoificha miaka miwili ilikuwa imebana utumbo.

Hospitalini, bibi yake alimsukuma Larisa mbele. "Nenda naye. Mwambie daktari anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda."

Chumbani walikuwamo wawili wenye sare za buluu: mwanamume mrefu na mwanamke mfupi. Larisa alimwendea yule mrefu moja kwa moja, akamnong'oneza habari ya dawa. Kabla hajajibiwa, Gido alipiga ukelele wa maumivu, na mazungumzo yakaishia hapo.

"Mzee, unatumia dawa zozote?" mwanamke aliuliza.

"Hayo nitamweleza daktari, binti yangu. Wewe niletee maji."

"Daktari ndiye mimi. Naitwa Halyna Boyko, na mimi ndiye nitakayekupasua."

"Acha utani. Mkono huo utashika kisu?"

"Utumbo wako hauna muda wa kubishana. Unatumia dawa?"

"Situmii."

Larisa alimtazama yule mrefu; bila shaka huyo ndiye aliyekuwa daktari mkuu. Si alikwisha kumwambia? Kitanda kikasukumwa hadi chumba cha upasuaji. Mwanamke akaingia nacho. Yule mrefu akabaki nje, akaanza kukusanya shuka chafu.

"Kwani wewe huingii?" Larisa aliuliza.

"Mimi? Kazi yangu ni kusukuma vitanda. Hata uliyoninong'oneza sikuyasikia kwa ule ukelele."

Larisa akaukimbilia mlango, akaugonga kwa ngumi zote mbili mpaka Dkt. Boyko akatokeza, barakoa usoni.

"Anakunywa dawa ya damu. Amekudanganya. Na mimi nilimwambia mtu siye."

"Ameinywa lini?"

"Leo asubuhi, na chai."

Dkt. Boyko aliwageukia wenzake ndani. "Hakuna kukata. Tuizime kwanza nguvu ya hiyo dawa." Mlango ukafungwa. Larisa na bibi yake walingoja nje saa tatu.

Kesho yake Gido alikuwa ameketi kitandani, mnyonge wa sauti. "Daktari, nilikudharau. Nisamehe."

"Kudharauliwa nimezoea, mzee. Lakini ningekata bila kujua, ungetokwa damu mpaka ufe mikononi mwangu." Akamgeukia Larisa. "Na wewe, kwa nini ulimwambia yule?"

"Kwa sababu ni mwanamume," Larisa alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Tena wewe ni msichana. Siku nyingine uliza kwanza, 'Daktari ni nani?' Ujuzi hauonekani kwa kimo wala ndevu. Mtu huupata kwa kusoma na kufanya kazi."

Kwenye kitanda cha jirani, mgonjwa mgeni aliinua mkono. "Nesi, hebu niitie daktari."

"Ndiye huyo uliyemwita, bwana," Gido alisema. "Mjibu kila atakachokuuliza. Na usimfiche kitu."