Mguu Uliodanganya Picha

Jamani, nyumba ya mshonaji mmoja ilikuwa na raha yake. Asubuhi yeye yuko kwenye cherehani, mumewe fundi vigae anakunywa chai akimtania, binti yao anafunga mkoba wa shule. Kisha kidole gumba cha mguu wa kulia wa mama huyo kikaanza kuwalalia wenzake, na ubavuni pake ikaota nundu iliyowaka moto kila alipovaa kiatu.

Alikwenda hospitali. Mpiga picha za mifupa akamwambia, "Simama, mama. Kanyaga kwa miguu yote miwili, tuione mifupa ikiwa imebeba uzito."

Lakini mama aliogopa kisu cha upasuaji. Akaulemea mguu wa kushoto, wa kulia akaugusisha chini tu, ili kidole kisionekane kimepinda sana. Wako wanaodanganya majirani. Huyu alidanganya mashine. Daktari alichora mistari miwili juu ya picha, akapima jinsi kidole kilivyopinda: pembe ya nyuzi kumi na tisa. Akasema ni hatua ya mwanzo, avae viatu vipana, arudi baada ya miezi sita. Hakurudi.

Mwaka ukakatika. Mguu ulimzuia mama kutembea mbali, sokoni sasa alikwenda binti, na shuleni akawa mtu wa kuchelewa, mpaka mwalimu akaita wazazi. Mama alimwomba mwalimu radhi, roho ikimsuta.

Siku moja mama alitoka kuoga, akaacha nyayo za maji sakafuni. Mumewe akainama kukagua sakafu, mazoea ya kazi.

"Mke wangu, mbona unyayo wa kushoto umejaa, na wa kulia ni kisigino tu?"

"Sakafu yako mbovu."

"Sakafu yangu haina kosa. Hata siku ya picha ulisimama hivi?"

Hapo machozi yakamtoka, akasema yote.

Wakarudi hospitali kupiga picha upya. Safari hii alikanyaga sawasawa, ameuma meno. Nyuzi thelathini na nane.

"Mwaka mzima umeteseka bure," daktari alisema, "ila hatujachelewa."

Kwa kuwa maumivu yalikuwa ya kila siku, walikubaliana apasuliwe. Wiki za kuuguza mguu mume alipika, akaunguza, na wote wakala wakicheka. Mguu ulipopona, mama alikwenda sokoni mwenyewe, na binti akawahi darasani. Mama alifurahi mno, ingawa aliona haya kwa uongo wake.

FUNZO

Ndugu zangu, maumivu unayoyaficha hubebwa na mwingine humo humo nyumbani. Ukienda kupimwa, simama kwa uzito wako wote. Daktari hutibu kile ulichokubali akione.